Kipimo cha Mkono

Tulitoka Warangal usiku ungali mbichi.
Baba ameshonea noti ndani ya fulana,
mama kabeba wali wa ukwaju kwenye bati,
kaka yangu Tharun kiatu kimoja kinalia kama bata,
na bibi Mallamma, aliyesema haji, haji, haji,
ndiye aliyewahi kiti cha dirishani.

Golkonda kwanza, alisema baba, kabla jua halijakomaa.
Mlango wa ngome una miiba ya chuma
ya kuwazuia tembo wa adui.
Tharun aliigusa mmoja mmoja, akauliza:
Na tembo, nani aliwaambia?
Hakujibiwa.

Ngazi mia tatu na ushei. Bibi alizitazama
kama mtu anavyotazama bei.
"Nendeni. Magoti yangu yamekwisha kustaafu."
Mwongoza wageni akamsimamisha chini ya kuba:
"Piga kofi hapa, mama, watakusikia kule juu.
Walinzi wa zamani walipashana habari hivyo."

Tukapanda. Mama alihesabu hadi sabini, akaacha.
Kule juu jiji lilikuwa limelala ndani ya vumbi lake,
chokaa, mabati, matangi meusi ya maji,
na upepo ukitupekua kama askari wa forodha.
Tukanyamaza.
Amesahau, akasema Tharun. Amesinzia.
Kisha:
pa.
Kavu, dogo, kama ganda la karanga
likivunjwa chumba cha pili.
Pa. Pa.
Baba alivua miwani akaifuta, na haikuwa na kitu.
Mama akasema polepole, wala si kwangu:
"Mikono mitupu ina sauti yake."
Nilidhani anazungumzia makofi.

Makumbusho yalikuwa yamefungwa. Ijumaa.
Mwezi mzima baba alikuwa akituhadithia ile saa
ambayo kisanamu hutoka ndani yake kugonga kengele;
sasa alisimama mbele ya kufuli
kama aliyeletewa barua ya kuachishwa kazi.
Tukaenda kunywa chai ya Kiirani, nzito kama deni.
Biskuti ya Tharun ilizama. Akaivua kwa kidole.

Charminar tuliizunguka tu, shingo zikituuma,
tukaingia sokoni, kichochoro cha bangili,
ambako hata vivuli vinametameta.
Bi Qamarunnisa alikuwa amekaa na jiko lake la makaa,
akilainisha lakiri, akipachika vioo
vidogo kuliko punje ya mtama.
Kiurdu chake na Kitelugu cha mama
vilikutana kwenye namba:
mia sita, mama akacheka;
mia tano, mama akainuka;
mia nne, mama akaketi tena.

Alinipima mkono kwa kuuminya, si kwa utepe.
Akaupima wa mama.
Kisha, bila kuuliza, akaushika wa bibi.

"Huo acha," akasema bibi. "Huo hauvai."

Zilivunjwa juu ya jiwe la kisima,
za kijani, zote, siku ya kumi baada ya babu kufa.
Mimi sikuwa nimezaliwa. Niliambiwa
kama mtu anavyoambiwa mahali ulipo mpaka wa shamba.

Bi Qamarunnisa hakuuachia.
Aliviminya vifundo kimoja kimoja, akitafuta njia,
akasema namba ya kipimo, hiyo tu,
akafungua kasha lililo chini ya goti lake.

Ndipo sote tukamtazama baba.
Mtoto wa kiume, mwenye neno.
Muuza ubani alipita, akarudi, akapita tena.
Baba akafungua vifungo vya shati,
akainamisha kichwa, akakata uzi kwa meno,
akahesabu noti zenye jasho lake.
Hakuomba apunguziwe hata rupia.

Usiku, stesheni, treni imechelewa,
Tharun kalala juu ya mabegi, kiatu kimetulia.
Mbu akapita. Bibi akampiga kofi.
Benchi zima likageuka kwa ule mlio.
Akauficha mkono haraka ndani ya sari.

Kisha akaja mbu mwingine,
au hakuja,
akapiga tena.