Kuanzia ya Saba

Picha elfu thelathini na mia sita.
Moja kila dakika kumi, mawio hadi machweo,
kutoka paa la Bi Shinuna, Kiponda,
kamera imefungwa kwa waya na pindo la kanga,
ikiitazama nyumba ya ghorofa tatu iliyoinama
ikifundishwa upya kusimama.

Diski waliniletea ndani ya mfuko wa maandazi.
"Tutolee dakika moja," wakasema, "ya siku ya ufunguzi."
Miezi kumi na minne. Dakika moja.
Nikasema haya.

Niliibonyeza folda asubuhi,
nikachemsha chai, nikainywa, nikaosha kikombe,
kompyuta bado inahema
kama mtu aliyepandishwa ngazi na gunia la chokaa.
Ilipofunguka ilizipanga hivi:
moja, kumi, mia, elfu,
ndipo mbili.
Nyumba ikaezekwa kabla haijabomolewa.
Mashine haihesabu, inasoma tu,
basi nikazivisha zote sufuri mbele
kama watoto wa chuoni na kofia zao.

Na kamera nayo: ikifika 9,999
husahau, ikaanza tena moja,
kama marehemu bibi na tasbihi yake.
Mara tatu ilisahau. Majina yakagongana.
Mtaa una kina Makame wanne,
ukiita mmoja wanageuka wote.
Nikawatenganisha mwezi kwa mwezi,
nikatoa nakala ndogo, za ukubwa wa stempu,
usiku kucha, feni nimeielekeza kwa kompyuta,
mie na joto langu.

Sekunde moja hula picha ishirini na tano.
Zote pamoja ni dakika ishirini na ushei.
Kwa hiyo katika kila ishirini nichukue moja,
kumi na tisa zikalale.
Programu iliuliza swali moja tu: kuanzia ipi?
Nikaandika moja. Nani asiyeanza na moja?

Ikachezeka.
Boriti ziliota kama meno ya mtoto.
Masika ikapita, kuta zikalowa, zikakauka.
Nguo za Bi Shinuna zikiwaka na kuzimika kambani.
Mafundi hawamo.
Yaani wamo: kiwiko hapa, ndoo pale,
lakini nyumba ilikuwa inajijenga yenyewe.
"Safi," mhandisi akasema kwenye simu.

Fundi Vuai Pandu namjua.
Ndiye aliyepiga lipu kwetu Mwembetanga,
deni la mama akakaa nalo miaka miwili bila kulitaja.
Nikarudi kwenye zile kubwa kumtafuta.
Mgongo. Mgongo. Fulana ya buluu
ikipauka picha hadi picha.
Mgongo.
Kisha 18,447:
amegeuka, mkono wenye chokaa juu ya macho,
mdomo wazi, anaita ng'ambo ya kichochoro,
labda maji, labda anaitukana kamera.
Katika 18,446, mgongo.
Katika 18,448, mgongo.
Kuanzia elfu ishirini na mbili, fulana ni nyingine.
Sikuhitaji kuuliza. Mwanakwerekwe nilikwenda.

Nikachukua kalamu, nyuma ya risiti ya umeme:
18,447 gawa kwa ishirini.
Inabaki saba.

Nikafuta moja. Nikaandika saba.
Vivuli vyote vikasogea saa moja mbele,
nyumba ikasimama vile vile,
boriti zile zile, masika ile ile.
Nikaziita picha kubwa zishike nafasi za vidogo,
nikaiacha mashine ihangaike mpaka alfajiri.

Siku ya ufunguzi shuka lilitundikwa uani,
wageni wakapiga makofi, Bi Shinuna akacheka
kuona kanga zake zikirukaruka.
Mhandisi akaninong'oneza:
"Sekunde ya thelathini na saba hivi,
kuna kidoa kimepita. Cha nini kile?"

"Chokaa," nikamwambia.