Na Mama Yake

Stesheni yetu iko Buguruni, nyuma ya Rozana,
kati ya muuza supu na fundi wa majiko ya gesi.
Kopi mia, rangi mia tano. Kulamineti elfu.
Mimi ndiye mwenye kibodi.
Nimeona sura ikicheka kwenye kadi ya harusi
mwezi wa saba,
na kicheko kilekile, meno yaleyale,
mwezi wa kumi nikakiwekea juu TANZIA,
na waliokuja kuchukua kopi wakasema
tazameni, alikuwa anatuaga.
Hakuwa anaaga. Alikuwa anacheka pilau iliyoungua.
Aliniambia mpigapicha.

Bi Sikudhani alikuja Jumanne, umeme umerudi dakika hiyo,
kitenge kakivaa nje ndani.
Akanipa simu: huyu, mwanangu Kondo,
katoka Ijumaa kununua vocha.
Picha ya Sabasaba, uwanjani. Kijana kafinya jicho kwa jua,
mkono wa binamu yake begani.
Nikamkata binamu. Mkono ulibaki,
vidole vinne; ningeukata, ningekata na bega.
Juu nikaandika, herufi nene,
ANATAFUTWA.
Neno likajaa vizuri, pembe hadi pembe.
Kopi hamsini.

Kiswahili changu, nakupenda, lakini
una milango usiyofunga.
Anatafutwa. Nani anamtafuta? Neno halisemi.
Limemaliza kazi yake, limeketi.
Ukutani Vingunguti, kwenye nguzo za Tazara,
jicho lililofinywa na jua
likawa jicho la mtu anayepima dirisha.
Ule mkono begani ukawa wa askari.
Hata fulana yake ya mistari watu waliisoma.

Simu zikaanza. Kaiba nini?
Zawadi shilingi ngapi?
Mmoja, wa Ilala, aliapa
ndiye huyu, kabisa, aliyemkwapulia mkewe pochi
mwaka juzi.
Mwaka juzi Kondo alikuwa Muhimbili, mguu umening'inizwa.
Bi Sikudhani akamwambia hivyo. Akajibiwa,
mama, picha haidanganyi.

Akarudi na karatasi moja aliyoibandua,
gundi bado inanata.
Hakugomba. Aliilaza mezani, akaweka kidole
pale neno linapoishia,
akasema, hapa pana kitu hakijasemwa.
Nafasi ilikuwa finyu. Nikapunguza herufi,
nikaandika chini ya neno:
na mama yake.
Tukatazama kioo, sisi wawili.
Picha sikuigusa. Sikuongeza mwanga wala nini.
Jicho likarudi juani.
Vidole begani vikawa vya binamu.

Kondo alikuja mwenyewe, wiki ya pili,
kandambili moja bluu, moja nyekundu.
Alikuwa Keko, kwa mafundi wa makochi, analala juu ya sponji.
Kwa nini alikaa huko hakunieleza, nami si hakimu.
Alisema ile ya kwanza aliiona kwenye nguzo,
akasimama, akajisoma,
akajiuliza, nimefanya nini?
Na kadiri alivyojiuliza ndivyo alivyokumbuka:
yai la jirani, deni la chipsi,
uongo wa darasa la tano.
Akavuta kofia, akabadili njia.
Ya pili aliikuta mlangoni kwa kinyozi.

Alikuwa nayo. Akaikunja kwa ukucha,
akaichana chini ya maneno,
sura akaniachia mezani
(hii baki nayo, mimi najijua)
na maneno akayatia mfukoni mwa shati, yote manne.

Kopi za mzigo wa pili hawajanilipa.
Ile sura nimeibandika juu ya swichi, tupu, bila neno.
Jana mteja kaniuliza anagombea kata gani.
Mwingine kasema, pole.