Mizani ya Pamba

Saa kumi na moja alfajiri pampu inaanza kulia,
chuma kikisaga chuma, nami najua ni Lardja,
mwenye nyumba wangu, kawahi foleni
kwa ndoo mbili na ulimi usiolala.

Mimi Selom, mwana wa Lome, mzoefu wa lami na friji,
nilipewa fulana yenye nembo, baiskeli isiyo na breki,
na barua: mfanyakazi wa kujitolea, miezi kumi na minane.
Kimoba changu kina maneno arobaini,
nusu yake salamu.
Umelalaje, na wa nyumbani, na mtama, na kanga?
Laafia, naitikia, laafia,
hata siku nilipokesha chooni, tochi mdomoni.

Nilipanda miche minane ya mlonge nyuma ya zahanati.
Mbuzi wa Kombate walikula sita, mmoja ukanyauka.
Uliobaki nimeuzungushia miiba,
nauamkia kila asubuhi kama mkwe.

Jumanne natundika mizani kwenye boriti ya darasa.
Watoto wanavikwa suruali ya turubai, wananing'inia,
wanalia wote
isipokuwa Yendubwe.
Yendubwe ananitazama tu.
Kilo sita na gramu mia mbili.
Mwezi uliopita, kilo sita na gramu mia mbili.
Penseli yangu inachora mstari uliolala
kama mtu aliyechokea njiani.

Nikamwonyesha mama yake, Damipi, picha ya ukutani:
samaki (bahari iko kilomita mia sita), chungwa, maziwa, yai.
Nikagonga yai kwa kidole. Yai, nikasema.
Kila siku, yai.
Lilikuwa neno langu la arobaini na moja.
Damipi akaitikia kwa kichwa, akambeba mwanawe, akaenda.

Alhamisi huyo, jasho shingoni,
kibuyu kakishika kwa mikono miwili.
Ndani, juu ya makapi ya mtama,
mayai matatu ya kanga, madogo, yenye madoa.
Ni yako, akasema. Umehangaika na mwanangu.

Nikamgeukia Lardja. Lardja hakuniokoa.
"Kula," alisema akipuliza moto. "Ukikataa,
hatarudi kwenye kamba yako ile."

Nimewahi kula hasara, kula kiapo, kula kona;
siku ile sijui nilikula nini.
Damipi alikaa kwenye kigoda akinihesabia matonge.
Mgongoni, Yendubwe aliufuata mkono wangu,
chumvini, mdomoni, chumvini,
na ulimi wake ukachungulia kidogo.

Usiku nilifungua daftari. Safu ya mwisho husema: Maoni.
Niliishika kalamu hadi taa ikaishiwa chaji.

Desemba, vumbi la jangwa likafunika kila kitu,
midomo ikapasuka, redio ikakohoa,
na mnunuzi wa pamba akaja na lori.
Mizani yake ilining'inizwa kwenye magogo matatu,
ndoano kubwa kama kiwiko changu.
Marobota yalipokwisha vijana wakanikamata.
Wakanifunga shuka kiunoni, wakanitundika,
miguu hewani, kama watoto wangu wa Jumanne.

"Sabini na moja!"
Nilifika kijijini nikiwa na sitini na sita.

Vigelegele. Lardja akazunguka uwanja mzima,
khanga begani, akipiga kifua:
"Ugali wangu huo! Mtazameni, ugali wangu huo!"
Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo.
Nami naning'inia pale,
nimepona, nimenenepa, najizungusha taratibu
bila kutaka, kwa upepo tu,

na kila nilipozunguka nilimwona Damipi
mstari wa mbele, mtoto kifuani amelala,
akipiga makofi kuliko wote,
kama mtu aliyeona mayai yake
yamefanya kazi.