Msoma Ramani

Daftari lingali kabatini, chini ya soksi za sufu.
Jalada la buluu, pembe zimeliwa na jasho la vidole vyangu.
Kulia nne, ndefu, inakaza.
Kilima, ruka, mita themanini.
Kushoto tatu, usikate, jiwe ndani.
Hiyo ndiyo lugha tuliyosema miaka kumi na mmoja,
mimi na Tauno Lehtivaara.
Nje ya gari hatukuwa na maneno:
yeye na kahawa yake, mimi na yangu,
tukilikodolea ziwa kama watu wanaolidai.

Leo ni gwiji. Picha yake imetundikwa kituo cha mafuta,
juu ya friji ya soseji, kofia ya chuma kwapani.
Vijana waliozaliwa baada ya maziko
wananisimulia mimi jinsi alivyoikunja kona ya Kuusiharju,
wanapinda mikono, wananguruma kwa midomo,
nami naitikia: ndivyo, ndivyo.
Sivyo.
Hawajui kwamba alitapika kabla ya kila mbio,
nyuma ya gari la mafundi, kwa adabu, kama mtu anayepiga chafya.
Kwamba aliwaogopa bata bukini.
Kwamba magurudumu yalipoachana na kokoto
na gari zima likawa hewani, halina mwenyewe,
alishusha pumzi: hm,
kama mtu aliyeziona funguo zake.

Agosti ile, hatua ya kumi na nne.
Vumbi la waliotutangulia lilining'inia kati ya misonobari.
Asubuhi nilikuwa nimemwaga kahawa ukurasa wa thelathini na mbili,
nikaupangusa kwa mkono wa shati,
nikadhani umekauka.
Kurasa mbili zikashikana.
Kwa muda gani? Kope na kope.
Nilisema kushoto.
Nilisema tatu.
Sikumbuki kama nilisema usikate.

Wakuu wa mbio waliandika: jiwe.
Fundi Urpo akaapa: ekseli.
Daktari akanishika bega: hakuteseka.
Kila mmoja alinifunika kauli yake kama blanketi,
nikazivaa zote,
na baridi haijatoka.
Zile kurasa mbili sijazibandua hadi leo.
Nachelea karatasi itachanika.
Nachelea zaidi haitachanika.

Siku hizi naendesha basi la maktaba,
kilomita arobaini kwa saa, vitabu elfu mbili mgongoni.
Kila Alhamisi barabara ni ileile, ila imetiwa lami.
Nikifika pale nasoma kimoyomoyo,
taratibu, hata mtoto angeweza kuandika imla:
Kushoto. Tatu. Usikate. Jiwe. Ndani.
Vitabu vinalala upande mmoja wa rafu,
kisha vinainuka.

Mama yake, Hilja, amebakiza mwaka mmoja atimize tisini.
Hunisubiri kando ya sanduku la barua na mfuko wa turubai.
Hupenda hadithi za mauaji,
zile ambazo mwishoni mtu hutajwa kwa jina.
Miaka ishirini na sita ananirudishia vitabu kabla ya tarehe
na hajaniuliza kitu.

Alhamisi iliyopita, theluji ya kwanza,
mguu mmoja ngazini, mwingine bado chini:
"Alisema lolote?"

Kahawa ilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu,
kahawa yote, ukurasa wote.
"Alicheka," nikasema. "Tulikuwa tumetoka kuruka kilima. Akacheka."
Na hilo ni kweli. Katika yote, hilo ni kweli.

Akapima neno langu kama apimavyo uzito wa kitabu.
"Alicheka kwa mdomo," akauliza, "au kwa pua?"

"Kwa pua."

"Basi alikuwa yeye," akasema,
akapanda ngazi ya pili, akakung'uta theluji viatuni,
akaanza kutafuta miwani yake.