Daftari la Machi

Nilikata dumu la mafuta ya kupikia,
nikalitundika kwenye nguzo ya kamba ya nguo,
nikatia mtama wa shilingi hamsini.
Siku tatu hakuja hata mmoja.
Ya nne, shomoro.
Ya tano, shomoro na mashemeji zake wote.

Mutiso, mtunzaji wa ploti, akapanda ngazi kulalamika:
shuka za nyumba namba saba zimegongwa mihuri.
Nikamwambia afisi imefunguliwa.
Hakucheka.
Lakini Jumapili nilimwona amesimama chini ya dumu,
kiganja juu ya macho, midomo ikihesabu:
mnana wawili, watatu, huyu nimeshamhesabu.

Kiangazi mwaka huu kinakwisha vibaya.
Mifereji inakohoa hewa,
vumbi limeingia hadi kwenye chumvi.
Natoka wodini baada ya zamu ya usiku,
nakata papai lililoanza kulegea,
nusu langu, nusu la kuzumburu,
hawa wenye mikia mirefu, utadhani wameikopa
na hawana nia ya kurudisha.
Chozi papai halimhusu.
Yeye na ua la mkomamanga wa jirani,
shughuli zao hawamwambii mtu.

Jumamosi tukashuka bwawani, mimi na Natembeya,
wa darasa la sita, mwenye maswali ya mahakamani.
Darubini yangu ina jicho moja zima; tunapokezana.
Bwawa la Nairobi siku hizi ni shamba la magugu,
maji yenyewe yamebaki kiasi cha uwanja wa shule.
Hata hivyo, wapo.
Sile-maji anapita juu ya majani kwa vidole virefu
kama mgeni anayevuka sebule iliyopigwa deki sasa hivi.
Kwarara anagomba na watu ambao hawapo.
Yangeyange ni mweupe palepale kwenye tope,
wala sabuni hana.

Na pembeni, kwenye matope yaliyopasuka,
kandege ka kahawia, tumbo jeupe,
kanatikisa mkia bila kukoma,
kana kwamba kamesahau neno
na kanalitafuta kwa makalio.

"Chekeamwezi," nikasema.
"Kitwitwi," akasema Natembeya.
"Kitwitwi ana pete shingoni."
"Labda ameivua."

Tukabishana hadi kakaruka, chinichini, karibu kuyagusa maji,
likabaki tope na alama za vidole.
Masika yakifika katakuwa kwingine,
kwenye jua lisilotaka kuzama,
na wala hakatauliza huku nani alishinda.

Nikaandika: Machi 27, saa mbili asubuhi.
Ndege mmoja. Jina: tunagombana.
Natembeya akadai kalamu,
akapiga mstari chini ya *tunagombana*.

Tuliporudi dumu lilikuwa limejaa pomoni.
Mimi sikulijaza.
Mutiso alikuwa akifagia, kwa bidii mno,
mahali palipokwisha kufagiliwa.