Shuka la Zahanati

Walilitundika kati ya nguzo mbili za goli,
shuka la zahanati, mhuri bado pembeni:
MALI YA SERIKALI, na alama ya pasi iliyounguza.
Hombolo nzima ilikuja na vigoda.
Wengine walikuja na mbuzi wao, maana usiku ule
nani angebaki nyumbani kulinda?

Mimi nilikaa mstari wa nyuma,
na papo hapo nilikuwa kule juu, mrefu mara mbili ya mlango,
na sketi ya bluu, na jina lisilo langu.

Sikumwambia mtu damu ile ni ya nini.
Dada wa kamera aliikamua asubuhi
kwenye zabibu za Mzee Lugoha, nyekundu, zilizoiva kupita,
akatia unga wa uwele kidogo ili ishike.
Nzi walinifuata kutwa.
"Simama," alisema, "kama mtu aliyesikia jina lake kwa mbali."
Nikasimama. Darasa likageuka, likacheka kwa kuigiza.
Chibehe peke yake alicheka kweli.

Wiki mbili baadaye ikaja yenyewe,
bila kamera, nikiwa kisimani, ndoo ya tatu.
Haikunukia zabibu.
Nilimwambia mama. Mama akamwambia shangazi.
Shangazi akaleta kaniki mpya na ushauri mrefu,
kwamba binti akishavunja ungo
kwao anahesabiwa mgeni, na mgeni huagwa.
Siku ya nne baba mdogo akaanza kutaja kwa sauti
ng'ombe ambao si wetu bado:
kumi na wawili. Mmoja ana mimba.
Baba alikuwa anaziba pancha. Aliendelea kuziba.

Sasa, pale kwenye shuka, baba wa bandia
(mwalimu wa hesabu, sharubu za mkaa)
anaulizwa na msichana mwenye uso wangu:
"Baba, mimi nimeshauzwa?"
Anafungua mdomo,
jenereta ikakohoa, ikazima.

Giza la kwetu si la kuchezea.
Mbuzi mmoja alilia. Mtu akasonya.
Shangazi akasema, "Afadhali."
Nikasikia anayeinuka upande wa wanaume.
Ndala zile nazijua, ya kushoto imefungwa waya.
Akaenda kwenye pikipiki yake, ile ya mkopo,
akanyonya mpira, akatema, akanyonya tena.
Nusu lita, ndani ya chupa ya maji.

Alipita karibu yangu ananuka petroli hadi kwenye pumzi.
Hakunitazama.
Akamkabidhi kijana wa jenereta ile chupa,
akasema, kama mtu anayedai chenji yake:
"Rudisha nyuma kidogo.
Pale anapouliza."