Daftari la Mabamba

Baba alimwita mkosi.
Ukimwona bbulwe alfajiri, alisema, geuza mtumbwi,
kamongo hawaji leo, nyavu zitarudi na tope tupu.
Mwaka ule amu yangu Kasagga alivunja mayai mawili kwa kasia,
akarudi akinawa mikono kama aliyetoka kuzika.
Siku ile pia hatukula samaki.

Mimi nina daftari, nina penseli,
maana wino hulia ukilowa,
na darubini ya kuazima, jicho lake moja lina ukungu.
Naandika: saa moja na robo. Mmoja. Amesimama.
Saa mbili. Amesimama.
Saa tatu unusu. Bado.
Mgeni niliyempakia ananong'ona: si sanamu huyu?
Ngoja, namwambia.

Rangi yake ni ya mvua isiyoamua.
Mdomo ni kiatu cha mbao, ncha yake msumari.
Hana pupa. Anaijua siri ya kamongo:
huyu ni samaki, lakini maji hayamtoshi,
sharti apande apige funda moja la hewa.
Hapo hapo
mwili mzima unaporomoka, gunia toka juu ya lori,
na maji yakitulia mdomo umejaa
mkia, mizizi, mafunjo,
subira ya asubuhi nzima.

Kiotani, jua la saa sita likichoma,
huchota maji kwa kiatu kile kile
akayamwagia mayai, polepole, kama mama na kichwa cha mtoto.
Mayai huwa mawili. Kifaranga hukua mmoja.
Wa pili, mdogo, hupigwa na nduguye,
mzazi yuko pale pale, anatazama mbali.
Nilikaa siku kumi na moja nikimsikia akififia.
Ningeweza kunyoosha mkono.
Daftari halina safu ya jambo hilo.
Niliandika: mmoja, mzima, amenona.

Upande wa Kasanje wanachimba mtaro wa mpunga.
Mafunjo yaliyokatwa yanakauka juu ya ukingo,
yananukia vizuri, hilo ndilo baya lake.

Baba haendi ziwani tena, magoti yamekataa.
Nikiingia hujifanya anatafuta kiberiti, kisha:
"Mkosi wako, yupo?"
Yupo, Baba. Yupo na mtoto.
Anaguna, anaendelea kupapasa mfukoni.
Sijamwambia kuwa mtaro umesogea hatua arobaini
tangu Jumatatu.